Shimla: Mji wa Mahekalu Juu ya Mgongo wa Mlima

Kaskazini mwa nchi ya India, mahali ambapo nchi tambarare ya Punjab inakwisha na milima ya Himalaya inaanza kuinuka, uko mji uitwao Shimla. Mji huu haukujengwa bondeni wala kando ya mto, kama ilivyo desturi ya miji mingi, bali umejengwa juu ya mgongo wa mlima. Nyumba zake zimepangana katika miteremko, moja juu ya nyingine, hata paa la nyumba ya chini huwa karibu sawa na kizingiti cha nyumba ya juu. Kimo chake ni yapata futi 7,200 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu sawa na Limuru. Lakini kwa kuwa Shimla i mbali na ikweta, baridi yake hupita ile ya Limuru, na kuanzia Desemba hata Februari theluji huanguka na kufunika mapaa na njia.

Kila mwaka watu wengi sana hupanda mlima huo. Wengine huenda kukimbia joto kali la nchi ya chini, ambako mwezi wa Mei na Juni jua huunguza hata usiku hakuna nafuu. Wengine huenda kuabudu katika mahekalu yaliyo juu ya vilele. Wengine huenda kutazama tu, kwa maana kuna mahali ambapo mtu akisimama asubuhi hewa ikiwa safi, huona safu nzima ya milima yenye theluji imejipanga upande wa kaskazini. Aghalabu mgeni mmoja hufanya yote matatu katika safari moja.

Jina lenyewe la mji, kwa masimulizi ya wenyeji, limetokana na Shyamala, ambalo ni jina mojawapo la mungu wa kike Kali. Basi hata kabla ya majumba makubwa kujengwa, mlima ulikuwa na mwenyewe katika mioyo ya watu.

SAFARI YA KUPANDA

Njia ya kupendeza kupita zote ya kufika Shimla ni gari la moshi dogo litokalo Kalka, mji ulio chini ya milima. Reli hiyo ilifunguliwa mwezi wa Novemba 1903. Urefu wake ni maili 60, na upana kati ya chuma na chuma ni futi mbili na inchi sita tu, ambao ni mwembamba kuliko ule wa reli ya zamani ya Mombasa. Katika maili hizo 60, gari hupanda zaidi ya futi 4,500. Hupita katika mashimo 102 yaliyotobolewa mlimani na juu ya madaraja zaidi ya 800. Mengi ya madaraja hayo ni ya mawe, yenye matao juu ya matao, safu mbili, tatu hata nne, na fundi mwashi yeyote akiyaona husimama kuyatazama.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kuitazama reli hii kama ndugu ya reli yake. Miaka ya 1896 hata 1901, walipoletwa wafanya kazi zaidi ya 30,000 kutoka India ili kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, wengi wao walitoka Punjab, nchi ile ile iliyo chini ya milima hii. Reli yao ya huku ilipofika ziwani mwaka 1901, ile ya Shimla ilikuwa imebakiza miaka miwili tu kufunguliwa.

Shimo refu kupita yote katika njia hiyo liko mahali paitwapo Barog, nalo lina urefu wa mita 1,143. Wenyeji wana masimulizi juu yake. Husema kwamba mhandisi aliyeitwa Barog aliamuru kuchimba kutoka pande mbili za mlima kwa wakati mmoja, lakini pande hizo hazikukutana. Akatozwa faini ya rupia moja, naye kwa uchungu wa aibu akajiua. Ndipo akatokea mtu wa kijijini aliyeitwa Bhalku, asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye aligonga mwamba kwa fimbo yake, akasikiliza sauti, na kuwaonyesha wahandisi mahali pa kupita. Iwe masimulizi hayo yana ukweli kiasi gani, jumba la kumbukumbu za reli mjini Shimla lina jina la Bhalku, si la mhandisi.

Gharama ya kujenga reli hiyo ilizidi makisio, na mwaka 1906 serikali ililazimika kuinunua kutoka kwa kampuni iliyoijenga. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya mali ya urithi wa dunia. Mwendo wake ni wa polepole, saa tano au zaidi kwa maili 60. Lakini hakuna abiria anayelalamika, kwa kuwa kila kona huleta mandhari mpya. Kwanza huonekana vichaka vya nchi ya joto, kisha misonobari, na mwisho ile miti mikubwa ya jamii ya mierezi ambayo huko huitwa deodari.

UWANJA ULIO JUU YA TANGI

Mgeni akisha kushuka stesheni, humbidi kupanda tena kwa miguu au kwa gari hadi mahali paitwapo The Ridge, yaani mgongo wenyewe wa mlima. Huo ni uwanja mpana ulio wazi pande mbili. Mwisho wa upande wa mashariki lipo Kanisa la Kristo, lenye rangi ya manjano hafifu, ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1844. Kutoka uwanjani hapo, siku isiyo na mawingu, milima ya theluji huonekana mbali upande wa kaskazini. Wazee huketi kwenye mabenchi wakiota jua, na watoto hupanda farasi wa kukodi.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba chini ya uwanja huo lipo tangi kubwa la maji, lililojengwa tangu zamani za Waingereza, ambalo hugawa maji mjini. Kwa hiyo anayetembea The Ridge anatembea juu ya maji ya kunywa ya maelfu ya watu. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana litarudi mbele katika habari hii.

Chini kidogo ya uwanja ipo barabara ya maduka iitwayo The Mall. Zamani za utawala wa Waingereza, watu watatu tu ndio walioruhusiwa kupita hapo kwa gari: Makamu wa Mfalme, Jemadari Mkuu na Gavana wa Punjab. Wakubwa wengine walikokotwa na watu katika vigari vya magurudumu mawili. Hata leo magari ya kawaida hayaruhusiwi, na kwa sababu hiyo mtu hutembea kwa raha bila kusikia honi. Chini zaidi liko soko la wenyeji, Lower Bazaar, lenye njia nyembamba na ngazi nyingi, ambako huuzwa viungo, shali za sufi, viatu na vyakula kwa bei nafuu.

MAHEKALU YA VILELENI

Vilele vingi karibu na Shimla vina mahekalu yake. Lililo maarufu kupita yote ni lile la Jakhu, juu ya kilele kirefu kupita vyote vya mji, futi 8,000 na zaidi. Hilo ni hekalu la Hanuman, yule mwenye umbo la kima ambaye katika visa vya Ramayana alimtumikia Rama kwa uaminifu. Waumini husimulia kwamba Lakshmana, ndugu yake Rama, alipojeruhiwa vitani, Hanuman alitumwa Himalaya kuleta mmea wa kumponya, naye njiani alipumzika juu ya Jakhu, alipokutana na mtawa aliyekuwa akiomba hapo. Mwaka 2010 ilisimamishwa hapo sanamu yake yenye urefu wa futi 108, ambayo huonekana kutoka karibu kila mtaa, kichwa chake kikiwa juu ya mierezi.

Kupanda Jakhu kwa miguu ni kazi ya kutoa jasho, maana njia imesimama wima. Tangu mwaka 2017 yapo pia magari yanayoning'inia kwenye waya, ambayo humfikisha mtu juu kwa dakika chache. Lakini awe amepanda kwa miguu au kwa waya, mgeni huonywa juu ya jambo moja: kima. Wako wengi, nao hawaogopi watu. Hunyakua miwani usoni, kofia kichwani na mfuko mkononi, kisha hukaa juu ya mti wakingoja wapewe chakula ndipo waachie walichokitwaa. Wenye busara huficha miwani yao mfukoni na kushika fimbo ya kukodi, si kwa kupiga bali kwa kuonyesha tu.

Hekalu la Kali Bari, lililojengwa mwaka 1845, liko karibu na The Mall. Hilo ndilo la Shyamala mwenyewe. Wabengali ndio waliolijenga, na hata leo sikukuu ya Durga husherehekewa hapo kwa desturi za Kibengali, ingawa nchi ya Bengal iko mbali sana na Shimla. Wabengali wengi walifikaje huko? Wengi wao walikuwa makarani wa serikali, na habari yao itaelezwa hapa chini.

Kwenye barabara ya kutoka Kalka liko hekalu la Sankat Mochan, nalo pia ni la Hanuman, lililofunguliwa mwaka 1966. Juu ya mlima mwingine, upande wa magharibi, liko hekalu la Tara Devi, lililozungukwa na msitu. Na juu ya kilele kiitwacho Prospect Hill liko hekalu dogo la Kamna Devi, ambalo husemekana kwamba mungu wake hutimiza haja za wamwombao. Kutoka hapo mtu hutazama magharibi jua linaposhuka, mabonde yakijaa kivuli moja baada ya moja.

Adabu za mahekalu haya ni chache na rahisi. Viatu huachwa nje. Mwenye kuingia hupiga kengele iliyotundikwa mlangoni. Hakuna anayemwuliza mgeni dini yake, na akipewa chakula kidogo kilichobarikiwa, hukipokea kwa mkono wa kulia. Picha hazipigwi ndani ila kwa ruhusa.

SERIKALI ILIYOHAMA KILA MWAKA

Mwingereza wa kwanza kujenga nyumba ya kudumu Shimla alikuwa Charles Kennedy, mwaka 1822. Wakubwa wengine wakamfuata kwa sababu ya baridi iliyowakumbusha kwao. Hata mwaka 1864, zamani za John Lawrence aliyekuwa Makamu wa Mfalme, Shimla ikafanywa mji mkuu wa serikali wakati wa joto. Tangu hapo, kila mwaka serikali nzima ilifunga majalada yake katika masanduku, ikahama kutoka Calcutta, na baada ya mji mkuu kuhamishwa, kutoka Delhi. Iliketi mlimani miezi sita au zaidi, kisha ikashuka.

Kwa miaka mingi desturi hiyo iliendelea, na kabla ya reli ya 1903 mizigo yote ilipanda mlima kwa magari ya farasi na ng'ombe au mabegani mwa watu. Makarani nao walihama pamoja na majalada yao.  Waliacha jamaa na mto wao mbali, lakini mungu wao walimkuta mlimani.

Mwaka 1888 lilikamilika jumba la Makamu wa Mfalme, la mawe, juu ya kilima kiitwacho Observatory Hill. Mwezi wa Juni na Julai 1945, katika jumba hilo, Lord Wavell alikutana na viongozi wa India kujadili serikali ya baadaye; mkutano ukavunjika bila mapatano, na miaka miwili baadaye nchi ikapata uhuru huku ikigawanywa kuwa India na Pakistan. Mwaka 1965 jumba hilo likawa chuo cha utafiti wa elimu ya juu. Mgeni hulipa kiingilio akaonyeshwa vyumba vya chini, na bustani yake ni mojawapo ya mahali pazuri pa kupumzika Shimla. Mjini humo humo, mwezi wa Julai 1972, Indira Gandhi wa India na Zulfikar Ali Bhutto wa Pakistan walitia sahihi mapatano baada ya vita vya mwaka 1971.

Lakini mji huo wa wakubwa ulikuwa na wabebaji wake. Katika vijiji vya milimani ilikuwako kazi ya lazima iliyoitwa begar. Mkulima aliweza kuitwa wakati wowote, hata wakati wa kuvuna, aache shamba lake akachukue mizigo na barua za maofisa na wasafiri juu ya mlima, kwa ujira mdogo au bila ujira wowote. Nafaka ikaoza shambani, mwenyewe akiwa njiani na sanduku la mtu mwingine mgongoni.

MTU WA MATUFAHA

Yapata maili 50 kutoka Shimla, ng'ambo ya mji mdogo wa Narkanda, iko nchi ya Kotgarh. Njia ya kwenda huko ni nzuri sana. Karibu na Narkanda mtu aweza kupanda kilele cha Hatu, chenye futi 11,000 na zaidi, ambako liko hekalu la mbao lenye nakshi za kuchonga. Huko juu Himalaya hazionekani tena kama mstari wa mbali. Huonekana kama ukuta, na chini kabisa, bondeni, ndiko upitako mto Sutlej.

Kotgarh ndiko alikoishi Samuel Evans Stokes, Mmarekani wa jamaa tajiri ya Philadelphia. Alifika India mwaka 1904 akiwa kijana, akafanya kazi ya kuwahudumia wenye ukoma karibu na Shimla. Mwaka 1912 alioa binti wa huko huko milimani, akanunua shamba, akawa mkulima kama jirani zake. Kwa kuwa aliishi nao, aliona begar kwa macho yake. Akaandika magazetini, akawaandikia maofisa, na mwisho akawaunganisha wanavijiji wakatae kwa pamoja kuchukua mizigo. Mwaka 1921 serikali ilikubali, na begar ikaondolewa katika sehemu hiyo. Mwaka huo huo Stokes alifungwa gerezani kwa kuunga mkono harakati za uhuru wa India.

Kazi yake nyingine ilikuwa ya jembe. Tangu zamani Waingereza walikuwa wamepanda matufaha katika milima hiyo, lakini mengi yalikuwa ya kikali ambayo watu wa India hawakuyapenda. Mwaka 1916 Stokes alileta kutoka Marekani miche ya matufaha matamu mekundu, akaipanda Kotgarh. Hakuificha. Aliwapa jirani zake miche, akawafundisha jinsi ya kuipogoa, na kuwaonyesha kwamba tufaha jekundu huhitaji mti wa aina nyingine karibu nalo ili maua yake yapate kuchavushwa, kwa hiyo aina ya rangi ya manjano nayo ikapandwa kati kati. Watu waliokuwa wakilima ngano na viazi katika vipande vidogo vya miteremko walipata zao la kuuza. Leo jimbo la Himachal Pradesh, ambalo Shimla ni mji wake mkuu, ni mojawapo ya sehemu mbili za India zinazotoa matufaha mengi zaidi, na katika vijiji vya Kotgarh kuna nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa fedha za tunda hilo.

Mwaka 1932 Stokes aliingia dini ya Kihindu akajiita Satyanand, na mwaka 1937 alijenga hekalu karibu na bustani zake huko Thanedar, ambalo lingali lipo na hutembelewa na wageni. Alifariki mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya uhuru alioutaka.

Hata hivyo mkulima wa matufaha siku hizi ana wasiwasi mpya. Mti huo huhitaji majuma mengi ya baridi ili uchanue vizuri, na katika miaka ya karibuni baridi imepungua katika mabonde ya chini. Wenye mashamba ya chini wameanza kung'oa matufaha na kupanda matunda mengine au mboga, na kilimo cha matufaha kinahamia juu zaidi mlimani. Lakini mlima haukuwa na mwisho wa mbali. Anayehamia juu kila mara, siku moja hufika kileleni.

MZIGO JUU YA MLIMA

Shimla ilipangwa kwa ajili ya watu wachache zaidi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, mji ulikuwa na watu karibu 170,000, bila kuhesabu wageni. Nyumba zimepanda ghorofa tano, sita na zaidi katika miteremko mikali, na mierezi imekatwa ili kupata nafasi. Maji hupandishwa kwa pampu kutoka vijito vya mabondeni, umbali wa futi elfu kadha kwenda juu.

Mwisho wa mwaka 2015 na mwanzo wa 2016, maji machafu yalipenya katika kijito kimoja kilichotumiwa na mji, na watu wengi wakaugua homa ya manjano ya ini. Kisha mwezi wa Mei 2018, baada ya majira ya baridi yenye theluji haba, vijito vilipungua na mabomba yakakauka siku nyingi. Watu walipanga foleni usiku wakiwa na ndoo, wakagombana na madereva wa magari ya maji. Wengine waliandika katika mitandao wakiwaomba wageni wasije. Mahakama Kuu ya jimbo iliamuru kwamba magari ya maji yasipelekwe kwa wakubwa peke yao, hata majaji wenyewe wakiwamo katika katazo hilo. Mji uliojengwa ili wakubwa wapate raha ulifika mahali pa kugawana maji kwa ndoo.

Msiba mkubwa zaidi ulikuja tarehe 14 Agosti 2023. Ilikuwa Jumatatu katika mwezi wa Shravan, siku ambayo Wahindu humwabudu Shiva kwa namna ya pekee. Mvua ilikuwa imenyesha kwa nguvu sana. Katika mtaa wa Summer Hill waumini walikuwa wamekusanyika asubuhi katika hekalu la Shiva lililo bondeni penye miti. Ardhi ya juu ikaporomoka, ikashuka pamoja na mierezi, mawe na tope, ikalifagilia mbali hekalu. Watu 20 walikufa. Katika jamaa moja tu walikufa watu saba, babu hata wajukuu. Miili mingine haikupatikana ila baada ya siku nyingi za kuchimba. Maporomoko hayo hayo yaliondoa udongo chini ya ile reli ya 1903, na chuma zake zikabaki zikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Siku ya pili yake nyumba nyingine zilibomoka katika mtaa mwingine wa mji.

Mvua kubwa peke yake haitoshi kueleza mambo hayo. Mkulima yeyote wa mteremkoni ajua kwamba maji yasipoonyeshwa njia hujitafutia yenyewe. Mifereji ikizibwa kwa takataka na kwa kujenga juu yake, maji huingia ardhini. Udongo uliomwagwa ukingoni wakati wa kujenga barabara au nyumba huwa mzito. Mizizi iliyoushika ikiwa imekatwa, udongo huachia. Sehemu nyingine za mji, hata upande mmoja wa The Ridge yenyewe, zimekuwa zikidindia kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Mwaka 2017 baraza la hukumu za mazingira la India lilikataza ujenzi mpya katikati ya mji na katika maeneo ya miti, na mahali pengine likaweka kikomo cha ghorofa mbili na dari. Serikali ya jimbo na wenye viwanja walilalamika, wakisema kwamba watu wanahitaji nyumba na kazi. Mwezi wa Januari 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliiondoa amri hiyo, ikakubali mpango mpya wa mji uliotengenezwa na serikali ya jimbo. Maneno ya pande zote mbili yana uzito. Mwenye kiwanja kimoja alichorithi kwa baba yake hataki kuambiwa asijenge. Na aliyefiwa Summer Hill hataki kuambiwa kwamba mlima ni salama.

KWA ANAYETAKA KWENDA

Miezi mizuri ya kuzuru Shimla ni Machi hata mwanzo wa Juni, wakati maua mekundu ya mlimani yachanuapo. Na tena Oktoba na Novemba, wakati mvua zimekwisha na theluji ya mbali huonekana wazi kupita wakati mwingine wowote. Julai na Agosti ni miezi ya mvua, na barabara huweza kufungwa kwa maporomoko. Anayetaka kuona theluji huenda Januari, akiwa na nguo nzito na viatu visivyoteleza.

Siku tatu au nne hutosha. Ya kwanza kwa The Ridge, Kali Bari na soko. Ya pili kwa Jakhu mapema asubuhi, kabla ya umati kufika, na jumba la Makamu wa Mfalme alasiri. Ya tatu kwa Tara Devi na Prospect Hill jua likishuka. Ya nne kwa Narkanda, Hatu na bustani za Kotgarh. Apandapo ni bora apande kwa gari la moshi, na kiti cha kutunzwa ni cha dirishani.

Na wakati awapo huko, mgeni mwema hutumia maji kama mwenyeji anavyoyatumia. Hoteli nyingi zimeweka maandishi bafuni yakimwomba hivyo, lakini afadhali asingoje maandishi. Maji anayofungulia bomba yamepandishwa kutoka bondeni mbali, yamepita katika tangi lililo chini ya uwanja anaopigia picha, na yapo majumba kando ya njia ya soko ambayo zamu yao ya maji bado haijafika.